Chungu Chenye Mafua

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka mpaka jina la mbwa aliyekuwa akibweka. Aliitwa Simba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kijijini kwetu Ikombe, kando ya ziwa, nikijifunza kufinyanga kwa mama mkubwa, Tupokigwe.

Ilinirudia juzi, hapa ugenini Regent Park, ghorofa ya tisa. Mjukuu wangu Neema alikuwa akinisomea kitabu cha maktaba. Anasoma Kiingereza, kisha ananifafanulia. Humo mfinyanzi mzee wa Korea, zamani za wafalme, anafungua tanuri, anatoa gudulia la kijani kama ziwa asubuhi. Lina doa moja dogo. Analivunja!

"Bibi, huyu mzee kichaa!"

Mimi vinyweleo vilinisimama. Shule sikusoma sana, Korea sijafika, lakini mzee huyo namjua.

Chungu changu cha kwanza kingekubaliwa kwenda sokoni Matema, ningehesabiwa mfinyanzi. Kilipokauka, kikapata ufa mwembamba kama unywele. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, mimi niliuziba: kwa udongo mwekundu wa kupambia! Kikaingia motoni, kikatoka kinang'aa.

Mama mkubwa akakigonga kwa kidole, akatega sikio. Kikalia kwa sauti ya kukwaruza.

"Salome, chungu chako kina mafua."

"Ni moshi tu, mama."

Hakunigombeza. Akakijaza maji, akakiinjika. "Kaa hapa, magoti yaguse mafiga. Ndivyo atakavyokaa atakayekinunua, na mtoto mgongoni."

Nikakaa. Maji yakaanza kuimba. Mwanangu, nikamwona yule mtoto wa mgongoni kama ninavyokuona wewe.

"Mama, kina ufa!" Nikaruka. Hakikungoja: pwaa! Kikapasuka. Moto ukazimika.

"Umewahi," akasema. "Ungechelewa, ungekuwa mchuzi."

Kisha akanipa jiwe, nikasaga vigae vyote. Unga wake akauchanganya na udongo wa chungu changu kilichofuata. Hicho kilikwenda Matema.

Basi nashangaa mpaka sasa. Nani alimpelekea mzee wa Korea maneno ya Tupokigwe? Bahari zote hizo katikati, na mikono ni ile ile.

Mwanangu, kosa lako usilipake rangi. Kuna mtu atakaa karibu nalo akikuamini. Livunje mwenyewe, ulisage, ulifinyange upya. Mungu akupe mtu wa kukutegea sikio kama nilivyopewa mimi, na moto wa dunia ukukute mzima. Amina.