Faili Chini ya Godoro

Mimi humwamini mtu nikishamkagua mara tatu, na hata hapo nabakiza shaka kidogo ya akiba. Kwetu Kalamba tulilelewa hivyo. Jirani akija kuomba chumvi, mama alimpa huku akijiuliza amekuja kuona nini. Kwa hivyo nilipotumwa shule moja ya upili karibu na Mutomo kwa mazoezi ya kufundisha, muhula wa mwisho kabla ya digrii, nilifika tayari nikimtafuta adui. Nilimpata siku ya kwanza, tukapewa meza moja.

Alikuwa mwalimu wa bodi, yaani wa kuajiriwa na shule yenyewe, si serikali, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyefundisha Historia pale miaka mingi bila digrii wala nambari ya usajili. Nilipewa madarasa yake. Kila mtu katika chumba cha walimu alijua maana ya jambo hilo: wenye vyeti wakizidi, mtu kama yeye huambiwa asante, kwaheri. Alinikaribisha kwa tabasamu pana, na tabasamu hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Mwanafunzi wa ualimu hana mali kubwa kuliko faili yake. Humo mna maazimio ya kazi, maandalio ya kila somo na alama za wanafunzi. Mhadhiri hutoka chuoni bila kupiga hodi, na kitu cha kwanza anachoomba ni hiyo faili. Huna faili, huna alama. Huna alama, huna digrii, na nambari ya usajili utaisikia kwa wenzako. Miaka yangu minne yote ilikuwa imefungwa ndani ya jalada moja la bluu.

Wiki ya tatu nikakuta kurasa zimepangwa ovyo. Nililaza uzi mwembamba wa katani, ule wa kusukia kiondo, kati ya kurasa mbili, nikaenda darasani. Niliporudi, uzi ulikuwa sakafuni, naye mwenzangu alikuwa akinywa chai kama mtu asiyejua lolote. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nilikuwa na hakika anakusanya makosa yangu ampelekee mhadhiri, nianguke, arudishiwe madarasa yake. Jioni hiyo nikaibeba faili hadi chumba nilichopanga, nikaificha chini ya godoro. Tangu hapo nilikwenda shuleni na karatasi ya somo la siku tu, nikijiona mjanja kwelikweli.

Alhamisi, kabla ya chai ya saa nne, mhadhiri akaingia. Alikuwa mama mfupi mwenye viatu vilivyojaa vumbi, na hakukaa hata kusalimiwa vizuri.

"Faili?" akasema.

Chumba changu kilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Ningesema ukweli, lakini mdomo ulinitangulia.

"Daktari, mwalimu wa hii meza aliichukua. Sijui ameipeleka wapi."

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni, chaki mkononi, amesikia kila neno. Nilingoja akane, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta uongo wa pili. Badala yake aliinamisha kichwa, akafungua droo yake, akatoa rundo la karatasi zilizofungwa kwa mpira.

"Nilitoa kopi tu, Daktari," akasema. "Halafu nikarudisha. Pole sana, madam. Nilikuwa nataka kuona vile siku hizi mnafunzwa. Mimi sikupata hiyo chance."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilirefushwa na mtu niliyemsingizia.

Mhadhiri alimtazama kwa dharau, akaketi, akaanza kusoma. Kopi si faili, alisema, lakini kazi ameiona. Alipofika kwenye andalio la siku hiyo, nililoliandika kabla ya kuificha faili, biashara ya masafa marefu ya Wakamba, akasita. Pembeni palikuwa na maneno ya penseli, si kwa mwandiko wangu: waulize kwanza njia wanayopitisha mbuzi wakienda soko la Mutomo, nani huwalinda, maji wanapata wapi, ndipo uingie kwa misafara.

"Hii ya mbuzi ni yako?" akaniuliza. "Hapo umenifurahisha."

"Ndio, Daktari."

Hakuna aliyenilazimisha. Nikaingia darasani, nikauliza njia ya mbuzi, na wanafunzi walioniangalia wiki tatu kama mgeni aliyepotea wakaanza kugombania kusema. Sijawahi kufundisha vizuri vile. Mhadhiri alinipa alama za juu, akaondoka na zile kopi kwa kumbukumbu za chuo.

Nilihitimu. Nilipoomba nambari ya usajili, nilitakiwa cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Nikapigwa chapa vidole vyote kumi, nikapewa karatasi inayosema sina doa. Niliona aibu kuipokea.

Lakini mchana ule ule wa Alhamisi, mhadhiri alipokwisha kwenda, tulirudi mezani, yeye upande wake, mimi wangu. Nilingoja anitukane, au aende kunishtaki kwa mwalimu mkuu, maana hivyo ndivyo ningefanya mimi. Alivuta droo, akaitazama ilivyo tupu, akaifunga polepole.

"Madam," akasema bila kuinua sauti, "zile kopi nitarudishiwa, ama hizo pia ni zako?"