Makofi kwa Mtoto Aliyegongwa Kichwa

Mji huu hupandi pikipiki bila kofia ngumu. Dereva akikubeba kichwa wazi, askari atawasimamisha kabla hamjafika kona ya pili, na hakuna atakayebisha, maana kila mtu anajua kichwa kikipasuka hakishonwi kama suruali. Halafu watu haohao, nami nikiwemo, tunashuka kwenye pikipiki, tunarudisha kofia kwa dereva, tunaingia uwanjani kuangalia watoto wetu wakigongana vichwa. Mmoja akianguka, tunangoja ainuke ili tumpigie makofi. Makofi hayo yananitia hasira mpaka leo.

Binti yangu alikuwa mwaka wa tano wa sekondari, beki wa kati wa timu ya wasichana ya shule yao, hapa mtaani kwetu Kinyinya. Uwanja wao umechongwa ubavuni mwa kilima, udongo mwekundu mgumu, na upande mmoja kuna nyumba inayojengwa isiyoisha. Jumamosi ya nusu fainali nilikaa kwenye matofali ya nyumba hiyo pamoja na wazazi wengine.

Mapema kipindi cha pili ilipigwa kona. Binti yangu na msichana wa timu pinzani waliruka pamoja, na pale nilipokaa nikasikia vichwa vikigongana, sauti kavu kama ya nazi mbili. Mwenzake alitolewa akivuja damu puani. Wangu hakuvuja damu, basi ikahesabiwa hajaumia. Alikuwa amelala chali, macho wazi, na macho yenyewe hayaangalii kitu.

Mwalimu wa michezo alikuja mbio akammwagia chupa ya maji kichwani. Huduma ya kwanza ikaishia hapo. Begi la dawa lilikuwepo, zipu imefungwa, na baadaye niliambiwa ndani mlikuwa na bendeji moja na dawa ya kuchua. Wanafunzi wakaanza kuimba "Komera! Komera!", yaani jikaze. Mtoto akasimama, akayumba, akajikaza. Uwanja mzima ukapiga makofi, na mimi mama yake mzazi nikapiga vigelegele. Sijifichi: nilijisikia fahari.

Dakika kumi baadaye ilipigwa kona upande wa pili, akapanda, akafunga bao kwa kichwa kilekile. Likawa bao pekee la mchezo. Mzazi mmoja alikuwa amelirekodi, na kabla sijafika nyumbani lilikuwa limeshazunguka kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp.

Jioni aliniuliza tunakula nini. Nikamwambia wali na maharage. Akauliza tena, nikajibu. Alipouliza mara ya tatu nikacheka, nikamtania kwamba leo umaarufu umemziba masikio. Akainuka kwenda jikoni, hakufika. Alitapika palepale sebuleni, akashika ukuta, akaniomba nizime taa kwa sababu inamuumiza. Kicheko kikaniishia.

Kesho yake hospitalini daktari alimtajia maneno matano akamwambia ayarudie baada ya muda. Alirudisha mawili. "Ubongo umetikisika," daktari akaniambia. "Hata akisema amepona, asicheze mpaka nimpime tena baada ya wiki tatu. Akigongwa mara ya pili kabla hajapona, anaweza asiamke." Alilisema hilo la mwisho polepole, akihakikisha nimelisikia.

Fainali ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Jumatatu mwalimu wa michezo akanipigia.

"Mama, hii mutoto iko sawa. Nimeongea na yeye kwa simu, anacheka."

"Mwalimu, daktari amesema wiki tatu."

"Daktari hawajui mpira, mama. Sisi tunamuhitaji Jumamosi tu. Kisha atapumzika hata mwezi muzima."

Jumamosi tu. Niliishika simu nikakosa tusi linalotosha. Kwenye kundi la wazazi nako hali ilikuwa hiyohiyo. Mmoja aliandika kwamba fainali haiji kila mwaka. Mwingine akaandika Mungu atamlinda. Mkuki kwa nguruwe. Sikumwona hata mmoja akimtoa mwanawe alindwe na Mungu badala ya wangu. Na mtoto mwenyewe alikuwa upande wao. Mwalimu alikuwa amemwambia watakuja watu wa kuchagua wachezaji, basi kila asubuhi ananiambia amepona, kichwa hakiumi, kwa nini nataka aonekane mwoga.

Alhamisi tukaitwa shuleni, mimi na yeye. Mkuu wa shule ni mtu wa adabu, aliyekulia Uganda, akatuwekea viti na kuniambia, "Madam, tukae tuelewane." Mwalimu wa michezo hakukaa. Aliweka simu yake mezani akaonyesha lile bao.

"Angalia, mama. Mutu mugonjwa anaweza kufunga hivi?"

Tukaangalia sote. Binti yangu alikuwa ameinama juu ya simu kuliko sisi wote, kama mtu anayepitia somo mlangoni pa chumba cha mtihani. Video ikaisha. Mwalimu akataka kuirudia, naye akamzuia kwa mkono.

"Mwalimu, hilo bao mimi silikumbuki."

Mwalimu akacheka kidogo.

"Nakumbuka tunaingia kipindi cha pili," akasema. "Halafu nakumbuka niko nyumbani, mama amezima taa. Hilo bao nimelijulia kwenye simu. Watu wakiniuliza nilifungaje, nawaambia nilivyoona kwenye video." Akaanza kulia. Siku tano mwanangu alikuwa anapokea pongezi za kitu ambacho hakimo kichwani mwake, na kwa kuogopa kutuangusha alikuwa anakikariri.

Nilidhani yameisha. Mwalimu akakuna shingo, akasema kwa upole kabisa, "Lakini bado siku mbili, mama. Hiyo kumbukumbu itarudi."

Hapo nilisimama. Nilisema mengi na kwa sauti iliyofika madarasani. Nilimuuliza nani amempa yeye mamlaka ya kuamua juu ya ubongo wa mtoto wangu, karatasi gani, sheria gani.

Mkuu wa shule akavuta droo, akatoa faili, akageuza kurasa, akanisogezea fomu. Iliandikwa kwamba mzazi anaruhusu mwanafunzi ashiriki michezo yote, kwamba mwalimu wa michezo ndiye atakayeamua kama yuko tayari kucheza, na kwamba shule haitahusika na majeraha. Chini palikuwa na sahihi yangu.

Nilikumbuka siku ya kufungua shule, foleni ya wazazi hadi getini, karatasi zinapokezanwa, kila mmoja anafunua ukurasa wa mwisho tu kutafuta pa kusaini. Kazi yangu huko mjini Kiyovu ni kusoma mikataba ya watu neno kwa neno na kuwakemea wanaosaini bila kusoma. Nilikuwa nimemsaini mwanangu nikiwa nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, kwa sababu nachelewa kazini.

Niliomba kalamu nikaikata sahihi ile mistari miwili, nikaandika kwamba haruhusiwi kucheza mpaka daktari aseme, nikatia tarehe. Mkuu wa shule hakubisha. Aliporudisha fomu kwenye faili nikaiona iliyo chini yake, ya beki wa akiba, msichana mwembamba wa mwaka wa tatu ambaye sasa angecheza nafasi ya binti yangu. Nayo ilikuwa na sahihi. Jioni nilimpigia mama yake nikamsomea maneno ya fomu. Akaniambia Jumamosi mtoto atacheza, wameshamnunulia viatu, ila fomu yoyote yeye hakumbuki kuisaini.