Masufuria ya msiba yaliyobandikwa stika za NGO: yaliyonikuta field Kishapu

Wakuu, poleni na majukumu. Wakubwa wote shikamooni.

Hili jambo limenikaa kooni na leo nalitapika. Sitaji jina la mtu wala la taasisi, ila sijatia chumvi hata punje.

Chuo nilisoma mambo ya philanthropy, yaani kuchangisha, kusimamia misaada na kuendesha hizi NGO. Ndugu zangu wa mtaani Kambarage, Shinyanga mjini, walinicheka sana. "Kwa hiyo unasomea kuomba?" Nilikuwa nawapuuza, maana darasani tulihubiriwa utu wa mnufaika mpaka unajiona mtakatifu.

Field nikapangiwa NGO moja huko Kishapu. Boss, meneja wa mradi, aliniahidi mkataba wa ajira nikikaa naye vizuri. Mnajua mtaani kulivyo, basi nikawa namwitikia kila kitu.

Kijiji tulichokuwa tunafanyia kazi kina kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana. Kila msimu wa pamba wanachangishana, na wamejinunulia masufuria makubwa ya kupikia msibani. Utaratibu wao hauna mjadala: mtu akifiwa, masufuria yanatangulia, mengine yanafuata.

Sasa NGO yetu ilikuwa imewaombea hao hao kina mama vyombo vya kupikia kwa wafadhili. Wafadhili wakatoa. Vyombo havikufika kijijini, na mpaka leo sijui viliishia wapi.

Halafu wafadhili wakasema wanakuja kuona.

Boss akafanya nini? Akaenda kuazima masufuria ya kina mama, YAO WENYEWE, eti ya kupiga picha tu. Dereva akayabandika stika za taasisi, yakafungiwa kwenye stoo yetu pale kijijini. Ufunguo nikapewa mimi.

Asubuhi ya ugeni, mwenyekiti wa kikundi, Mama Kabula, akaja na wenzake. Mwenzao Mama Shija kafiwa, na aliyekufa ni huyo huyo Shija wake. Kijana alifukiwa kwenye duara, shimo la dhahabu, huko machimbo ya Geita.

"Ng'wanawane, mwanangu, maiti imeshafika. Tupe masufuria yetu, watu wanajaa."

Nikampigia boss. Alikuwa hotelini Shinyanga mjini na wageni.

"Waambie wasubiri wageni waondoke. Kwani marehemu anakula? Na wewe, mkataba unautaka huutaki?"

Wakuu, hasira zilinipanda. Nikafungua stoo, wakayabeba na stika zake.

Nilijua akikuta stoo tupu ataumbuka. Thubutu! Alipofika nao akawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba vyombo viko kazini, twendeni mkaone. Akawapeleka na kamera zao. Msibani!

Mama Shija alikuwa mkekani, sauti imekauka. Boss akamwinamia, "Mama, wageni hawa, wasalimie." Yule mama akawashika mikono mmoja mmoja.

"Asanteni kwa kuja kumzika mwanangu."

Boss akatafsiri: mama anawashukuru sana kwa masufuria.

Hapo uvumilivu uliniisha. Nikasema kwa Kiingereza, mbele ya wote, kwamba hakusema hivyo na masufuria ni ya kwao. Mgeni mmoja akashusha kamera. Wengine wakaangalia chini, kisha wakarudi kwenye gari.

Mkataba ulifia palepale, na ripoti yangu ya field ikaenda chuo ikisema sina nidhamu. Sijutii hata kidogo. Kinachonichoma ni ile picha ya mama wa watu, ipo mpaka leo kwenye ukurasa wa taasisi, na ule uongo wa boss umeandikwa chini yake.

Wadogo zangu mnaosoma kozi hii, kabla hujamsaidia mtu, kaangalie kwanza ana nini. Wale kina mama walikuwa wanasaidiana kabla sisi hatujajua hata kuandika proposal. Shida yao siku ile ilikuwa sisi.

Sasa nishaurini, na matusi pia napokea. Juzi nilipita kumsabahi Mama Shija. Kaniuliza kama hawajambo wale wageni waliotoka mbali kuja kumzika mwanae, maana ana kuku anataka kuwapelekea.

Nimjibu nini?