Magogo ya Mama Yalipolala Zizini

Enzi zetu pale Susuni, uyoga haukuwa chakula cha kutajwa mbele ya wageni. Uliuokota mvua zikikolea, ukaula kimyakimya, kisha ukalala ukisubiri kuona kama utaamka. Wa rika langu mnaelewa. Nyie mnaoletewa chakula na bodaboda, vumilieni tu.

Aliyetuletea wazimu wa kuupanda ni mwalimu wangu wa darasa la nne, mama mmoja wa Njombe aliyepangiwa kazi kwetu. Shule ilikata misonobari iliyokuwa inatishia paa la vyoo, na yeye akamwambia mama yangu achukue magogo ila asiyapasue kuni. Akamwonyesha jinsi ya kuyatoboa kwa keekee, kujaza mbegu za uyoga zilizooteshwa kwenye punje za mtama, kuziba matundu kwa nta ya mshumaa, kisha kuyalaza kivulini na kuyamwagia maji. Uyoga ungekula mti polepole, nasi tungekula uyoga.

Baba alicheka hadi akapaliwa na ugali. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na pale nyumbani kila kitu kilikuwa chake: mifugo, shamba, kuku ambao hata rangi zao hakuzijua, na sisi wenyewe. Mama akamwomba basi amwachie hayo magogo yawe yake. Baba akampa kwa madaha, utafikiri anatoa mtamba.

Zaidi ya mwaka mzima tulichota maji ya kunywesha kuni. Mikono ilinata utomvu, na darasani tulinuka kama mafundi seremala. Majirani wakawa wanatuuliza ndama wetu wanaendeleaje. Katekista naye akamweleza mama kwamba wafu hawafufuki kabla ya parapanda, sembuse msonobari. Mama alicheka nao, lakini kila asubuhi, kabla hata ya kukamua, alikwenda kuyapapasa magogo yake.

Halafu mvua za vuli zikashuka, na magogo yakaota masikio meupe, laini, yamebanana. Mama aliyapika kwa karanga, na harufu ikawafikisha mlangoni hata wale waliouliza habari za ndama. Manesi wa zahanati wakatuma watu waulize kama upo mwingine. Baba alikula, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

Kesho yake jioni, magogo hayakuwepo kivulini. Baba alikuwa ameyaviringisha hadi zizini, kwa sababu kwetu kitu cha thamani hulala na ng'ombe, mwenye mali akiwa karibu. Akayawashia na moshi wa samadi yasisumbuliwe na nzi, maskini. Asubuhi tulimkuta dume letu jeupe anatafuna uyoga wa mwisho kwa utulivu mkubwa, na nta imekanyagwa kwenye kinyesi.

Mama aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Baba Ghati, yalipokuwa takataka yalikuwa yangu. Yamezaa, yamerudi kwako?"

Baba alisema alikuwa anayalinda. Mama hakusogea. Sisi watoto tulianza kusogea nyuma, maana fimbo ya baba tuliijua vizuri. Lakini baba aliinama, akaanza kuyaviringisha magogo kuyarudisha kivulini, moja baada ya jingine, jasho likimtoka mbele ya majirani waliojifanya wanapita.

Yalipoota tena, baba alikuja na sahani yake hadi mlango wa jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akisimama.

"Mama Ghati, naomba uyoga wako kidogo."

Mama alimwacha asimame kidogo kwanza. Nilifurahi mno, hata leo nikikumbuka nafurahi.

Siku hizi wanangu wananunua uyoga madukani Nyamisangura ukiwa kwenye plastiki, wanaupiga picha hadi unapoa. Wakigombania chaja, kila mmoja anapiga kelele kuwa ni yake, na baba yao anabisha hodi kabla ya kuingia vyumbani kwao. Nawacheka, lakini nawaonea wivu kwa niaba ya mama. Magogo yale yaliliwa na uyoga hadi yakawa udongo, na hatukupata mengine. Baba na mama waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na sikumsikia tena baba akimwomba mama kitu.