Mjane Ambaye Mumewe Yuko Hai

Jumanne nilikuwa kwa chifu hapa Kendu Bay, nikingoja barua, miguu imevimba kwa kukalia benchi. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amemleta mke wa mwanawe, mwigizaji wa jukwaani, ili akatazwe kuigiza Jumamosi.

"Anacheza mjane," mama akasema, akigonga meza kwa kidole. "Anavaa nguo za matanga, anamlilia bwana, anafukuza mashemeji waliokuja kumrithi. Na mtoto wangu ni mzima, anavua samaki Karungu! Huko ni kumwitia kifo. Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, Chifu."

Chifu akakuna shingo. "Binti, huwezi kucheza mtu mwingine? Mama mpole hivi?"

"Mama mpole nimemcheza miaka sita. Analeta chai, anatoka. Huyu mjane anaogopa, anadanganya, anapigania shamba. Huyu ni mtu. Nikimwacha, nani atanipa mwingine?"

Chifu akaamua. "Utacheza. Lakini bwana yako akae kiti cha mbele kabisa, kila mtu amwone anapumua."

"Hapo sawa," mama mkwe akasema. Mwigizaji akafunga leso upya, akatoka bila kuaga.

Mimi nimeshachoka kushangaa. Jumamosi mwanamume atakaa mbele aonekane yupo, na mke atafanya kazi yote. Ndoa nyingi nilizoziona, yangu ikiwemo, ziliendeshwa hivyo hivyo, na hakuna chifu aliyeitwa.