Fundi Akikagua Vitanda vya Mjini

Ilikuwa mwaka ule mvua zilipochelewa. Hapana, nakosea, ni mwaka uliofuata, maana kitinda mimba wa binti yangu alikuwa keshang'oka meno mawili ya mbele. Mkwe wangu, fundi seremala, alifunga karakana siku mbili akatupeleka mjini: yeye, binti yangu, watoto watatu, na mimi babu yao. Watoto walitaka kitu kimoja tu, kuogelea. Tena siku hiyohiyo, kwa kuwa kesho yake asubuhi tunarudi.

Sasa fundi ni fundi. Hawezi kulala juu ya kitanda asichokikagua. Nyumba ya wageni ya kwanza aliinua godoro, akagonga chaga kwa kidole, akaguna.

"Misumari mitupu, baba. Gundi hakuna."

Ya pili aliingia uvunguni mzima mzima, ikabaki miguu. Mwenye nyumba akamkuta.

"Kaka, umepoteza nini huko?"

"Sijapoteza kitu. Hiki kitanda kinayumba."

"Basi kalale kwako!"

Tukatoka na mabegi yetu. Magoti yananiuma, na kicheko nimekibana.

"Babu, bwawa linafungwa saa ngapi?" akauliza mjukuu mkubwa.

"Hawa wa mjini hufunga saa kumi na moja, mama."

Saa kumi ilikuwa imeshapita. Uso ukamshuka.

Binti yangu akasema, "Tujaribu ile ya kona." Tukapanda ngazi. Fundi akakalia kitanda, kikalia kama bata. Kabla hajafungua mdomo, mkewe alikuwa anawavua watoto viatu.

"Mume wangu, wewe kagua kwa raha zako. Bwawa liko hapo nyuma, sisi tunashuka."

Waliposhuka, fundi akaenda dirishani. Chini kitinda mimba alikuwa anarusha maji, anacheka na pengo lake. Fundi akatazama weee, kisha akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu wa kitanda.

"Baba, tunalala hapa."

Nikashuka kuandikisha. Dada wa mapokezi akafungua daftari.

"Watu sita? Mbona chumba chenu kimeshawekwa, mzee? Yule mama alipiga simu tangu Jumatatu."

Nilimkuta binti yangu anamkausha mtoto masikio. Nikamuuliza. Akacheka, akahamia sikio la pili. Nimeshamuuliza mara ngapi tangu siku ile, naye ni kucheka tu: mwanangu, kama ulijua tangu Jumatatu, mbona ulituacha tuzunguke na mabegi?