Sungura Ndani ya Dema

Baba alipopata barua ya kuhamishwa kutoka shule ya Msambweni kwenda ya Waa, mama aliuliza habari za nyumba, maji na majirani. Mimi niliuliza habari za sungura. Mama akainuka kwenda kuangalia chungu, nikajua lipo jambo.

Sungura mwenyewe alikuwa wa kijivu, mdogo, na alitoka kwa mwalimu mwenzake baba, mtu wa bara aliyewafuga kwa kitoweo. Baba aliniletea nilipougua surua, nipate wa kunituliza kitandani. Nilipona, na sungura akabaki. Mama hakupata kumgusa. Akimkuta mlangoni humwambia, "Nipishe, bwana," kisha hutugeukia sisi: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu jembe hashiki."

Siku nne kabla ya safari ndipo alipotoa hukumu.

"Nitamchukua kwa sharti. Mtafutie chombo cha kusafiria cha maana. Asitoke, asinuke, asinitie aibu mbele za watu. Ukikosa, atarudi alikotoka."

Alikotoka kulikuwa na sufuria. Nilikuwa na miaka kumi, na sijapata tena kufanya kazi kwa bidii kama nilivyofanya siku zile nne.

Nilianza na debe tupu la mafuta ya taa. Nililisugua kwa majivu, nikalitoboa matundu kwa msumari, nikatandika nyasi ndani. Sasa, sungura akishtuka hupiga mguu wa nyuma chini. Ndani ya debe mguu ule uligeuka ngoma, na jirani yetu alichungulia uani akauliza nani anaoa. Mama akatoka jikoni. Alinyoosha kidole tu, nami nikalitoa debe.

Siku ya pili nilisuka pakacha kwa kuti la mnazi wetu. Mtoto wa pwani asiyejua kusuka pakacha ni wa kuhurumiwa, nami sikuwa wa kuhurumiwa: nilisuka kubwa, lenye kifuniko na kishikio, nikalitazama kwa majivuno kama fundi aliyemaliza kitanda cha bibi harusi. Nilimtia sungura humo jioni, alizoee. Asubuhi nilimkuta ameketi katikati ya uwanja, na kando yake kipande cha kishikio. Pakacha lenyewe halikuwapo. Kuti bichi! Nilikuwa nimemfungia sungura ndani ya chakula.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo amekula gari," akasema akipangusa machozi. "Bado dereva."

Mimi sikucheka. Nilikwenda na sungura kwa jirani, nikaazima tenga lake la kuku, nikamtia humo. Fito zilikuwa zimeachana, na kabla sijafika nyumbani sungura alikwisha kutoa kichwa, shingo ikakwama. Tulimtoa kwa mafuta ya nazi, masikio yake yakang'aa siku nzima, na tenga likarudi kwa mwenyewe pamoja na utitiri wake.

Basi ikabaki siku moja, na siku hiyo akaja mjomba kutuaga. Mjomba alikuwa mvuvi wa Majoreni, mdogo wake mama, mtu wa mizaha ambaye hukujua lini anasema kweli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa. Nilimpokea mzigo, nikamtilia maji ya kunawa, nikampa kitumbua changu. Alipokwisha kula ndipo nikamweleza shida yangu, sauti ikanikatika katikati kwa kilio.

"Unalilia chombo?" akauliza. "Mtu ana mjomba mvuvi, analilia chombo cha kumzuia kiumbe kisitoke?"

Akaomba mianzi mikavu na kisu. Akampima sungura kwa shubiri, urefu na upana, kama fundi cherehani anayepima suruali. Hadi alasiri alikuwa amesuka dema dogo. Dema ni ule mtego wa samaki unaozamishwa baharini. Mdomo wake ni mpana nje na mwembamba ndani, samaki huingia akicheka na njia ya kutokea asiione. Chini aliacha kijilango cha kufungwa kwa kamba.

"Tafi na changu, wenye bahari yao, hawatoki humu," akasema. "Atoke huyu mla mchicha? Na mianzi hii mikavu, akiitafuna atafika Waa bila meno."

Mama alilikagua. Alilinusa, nalo lilinukia mianzi tu kwa kuwa halijagusa maji ya chumvi. Akatia mkono mdomoni mwa dema kulijaribu, na mkono ukaingia vizuri sana. Kutoka, bangili zikagoma. Ilibidi mjomba amfungulie kwa chini, naye akafanya hivyo taratibu, akimuuliza dadake kama angependa kupikwa wa kupaka au wa kukaanga.

"Haya," akasema mama akijisugua mkono. "Limefaa."

Nilimkumbatia mjomba hadi akalalamika mbavu. Sungura wangu angesafiri! Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Kesho yake lori likaja. Baba alikwisha tangulia kwa baiskeli kwenda kupokea ufunguo wa nyumba. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, na dereva, mtu mzima wa kutoka bara, alilishika lile lori kama alilokabidhiwa na taifa zima. Nilimwamkia, "Shikamoo." Akanijibu, "Mzuri sana." Kisha akasimama mbele ya vyombo vyetu, mikono nyuma.

"Mama, hii gari ni ya Serikali. Sasa ni Serikali yetu, si ya mzungu, lazima tuichunge. Viti, sawa. Vitanda, sawa. Kuku, mbuzi, mnyama yeyote, hapana."

Dema lilikuwa miguuni pangu, nimelifunika mkeka.

"Na hiyo?" akauliza dereva.

"Dema," akajibu mama.

"Iko na nini?"

Lazima nieleze kwamba mama yangu hakusema uongo. Hata wa mzaha, hata wa kumfukuza mwuzaji mlangoni. Alikuwa akisema ulimi ni amana na utaulizwa. Nikafumba macho.

"Vitu vya mtoto," akasema mama.

Dereva akalibeba mwenyewe, akaliweka juu kabisa, juu ya magodoro, mahali pazuri pa vitu vya mtoto. Tukapanda mbele pamoja naye. Hakuna aliyewaza jua. Tulikuwa tumewaza meno, harufu, ngoma na aibu, na jua tukalisahau, sisi watu wa Msambweni.

Barabara ilikuwa mbovu, na dereva aliiendea kama mwenye ugomvi nayo. Tulipofika daraja la Mwachema, kupita Ukunda, rejeta ilikuwa inatoa moshi. Dereva akachukua ndoo akateremka mtoni. Nilipanda nyuma mbio. Sungura alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, mbavu zikienda kwa kasi, na masikio yake niliyoyashika yalikuwa moto. Nilimwita mama kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Mama alikuja. Alikata kamba ya kijilango kwa meno. Akamtoa sungura kwa mikono yake miwili, yeye ambaye hakuwahi kumgusa, akalowesha ncha ya leso kwa maji yetu ya kunywa, akampangusa masikio, akamdondoshea matone mdomoni. Kisha akaketi mbele mahali pake, akamfunga kifuani kwa leso, akaweka buibui juu.

Dereva akarudi, akatia maji, akapanda. Akatazama kifua cha mama.

"Ala! Kumbe uko na mtoto? Sikumsikia akilia."

"Hajui kulia," akasema mama.

"Mtoto mzuri. Ako na miezi mingapi?"

"Mitano."

"Mimi niko na sita. Si miezi, watoto," akasema dereva, akacheka. "Amefanana na nani, baba?"

"Kwa masikio, labda."

Niliuma mkono wangu nisicheke. Dereva akawasha lori, na tangu hapo akaendesha kwa upole ambao Serikali haikumlipa. Kila shimo alilizunguka. "Pole, mtoto," alisema pale liliposhindikana.

Tulipofika Tiwi akauliza tena, hana hili wala lile, "Na huyo ni wa ngapi?"

Hamu ya kucheka ikaniisha. Nilikuwa mtoto wa pekee. Tangu nizaliwe hakuja mwingine, na hakuna arusi wala hitima ambayo mama alikwenda bila mwanamke mmoja kumuuliza, kwa wema wake, vipi wa pili. Nilimwona akirudi na swali lile nyumbani, akivua buibui na kwenda moja kwa moja jikoni. Sasa lilikuwa limemfuata hadi ndani ya lori.

Chini ya buibui mkono wa mama ulikuwa unampapasa sungura taratibu.

"Wa pili," akasema.

"Mungu amkuze."

"Amin," akasema mama.

Nami nikasema amin. Niliona furaha, na niliona wivu pia, maana nilikuwa nimepata mdogo wangu bila kuulizwa. Jibu lake sikulihesabu kuwa uongo. Sufuria ya yule mwalimu ndiyo kwaheri.

Waa, baba alikuwa mlangoni na ufunguo mkononi, anatukaribisha. Dereva akaanza kushusha vitanda. Niliteremka, nikazunguka upande wa mama, nikanyoosha mikono yote miwili nimpokee sungura wangu.

"Ngoja kwanza," akaninong'oneza. "Amelala."

Buibui lilikuwa limesogea kidogo. Sungura alikuwa macho kabisa, anatafuna ncha ya leso, ananitazama mimi. Nikamtazama mama, mwenye ulimi ulio amana, kisha nikaenda kumsaidia baba kubeba masufuria.